Msichome Rejista za Thieta: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Hospitali za Kufundishia

Kwa wakurugenzi wa hospitali kubwa za kufundishia, wakuu wa vitivo vya tiba, wakuu wa idara za upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na wasimamizi wa masjala za hospitali.

Waheshimiwa,

Idara ya upasuaji wa ubongo inapotimiza miaka hamsini au mia, aghalabu hutolewa kijitabu. Ndani yake mna picha za wakuu wa idara waliopita, tarehe ya uzinduzi, mashine zilizonunuliwa na majina ya waliohitimu. Kijitabu kikiwa bado kinachapwa, vitabu ambavyo vingeeleza idara ilifanya nini hasa viko stoo vinavujiwa na mvua, au vimekwisha kupakiwa kwenda kuchomwa kwa sababu muda wa kuvitunza umepita. Tunaomba mambo mawili yanayokwenda pamoja: simamisheni uteketezaji huo, na historia ya idara iandikwe kutokana na kumbukumbu za kazi yenyewe, vifo vikiwemo.

Tuanze na tarehe ya kuanzishwa, kwa kuwa ndiyo hugombaniwa kuliko kitu kingine chochote na ndiyo yenye faida ndogo. William Macewen alitoa uvimbe uliokuwa kwenye utando wa ubongo wa msichana mjini Glasgow mwaka 1879, na msichana akapona. Tarehe 25 Novemba 1884, mjini London, Rickman Godlee alitoa uvimbe ndani ya ubongo wenyewe, mahali alipoelekezwa na daktari Hughes Bennett kwa kusoma dalili tu. Mgonjwa alifariki wiki nne baadaye kwa maambukizi. Hospitali zote mbili hazikuwa na idara ya fani hii. Victor Horsley aliteuliwa kuwa mpasuaji wa hospitali ya magonjwa ya mishipa ya fahamu ya Queen Square, London, mwaka 1886, na hata mwaka 1905 mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, alikuwa bado akitetea hoja kwamba upasuaji wa ubongo ni fani inayojitegemea. Kwa hiyo anayeuliza "tulianza lini" anauliza maswali kadhaa kwa pamoja: lini fuvu la kwanza lilifunguliwa hapa, lini alipatikana mpasuaji asiyefanya kazi nyingine, lini idara ilipewa vitanda vyake, lini ilipata siku zake thieta, yaani chumba cha upasuaji, lini mwanafunzi wa kwanza wa ubingwa alimaliza mafunzo yake yote hapohapo. Kila jibu lina karatasi yake. Fuvu la kwanza limo kwenye rejista ya thieta ya upasuaji wa jumla, mara nyingi miaka mingi kabla ya uzinduzi. Mpasuaji wa kwanza yumo kwenye barua ya uteuzi katika faili la utumishi. Vitanda vimo kwenye muhtasari wa kikao cha kamati ya hospitali. Andikeni tarehe zote, na mseme kila moja inahusu nini.

Kati ya kumbukumbu zote, rejista ya thieta ndiyo tunayoililia zaidi. Ni kitabu kikubwa cha mistari, kila mgonjwa na mstari wake: tarehe, jina, umri, wodi, ugonjwa, upasuaji uliofanyika, mpasuaji, msaidizi, daktari wa usingizi, muuguzi wa vifaa, saa ya kuanza na ya kumaliza, hesabu ya pamba na vyombo, na maelezo. Ukiisoma kwa miaka 20 mfululizo unaona mambo ambayo hotuba ya uzinduzi haiwezi kukwambia. Unaona upasuaji wa usiku uliongezeka lini, na nani aliufanya. Unaona mwaka ambao jina la mwanafunzi lilihama kutoka safu ya msaidizi kwenda safu ya mpasuaji, na kwa upasuaji wa aina gani. Unaona muda uliopita kati ya ajali na kufunguliwa kwa fuvu kwa mgonjwa mwenye damu iliyovia juu ya utando mgumu wa ubongo, mradi saa za kupokelewa zipo kwenye kitabu cha mapokezi cha siku hiyohiyo. Kwa watoto wenye kichwa maji, unaona ni mara ngapi mtoto yuleyule alirudishwa kwa sababu mpira wa kupitisha maji umeziba au umeingia maambukizi. Idadi hiyo ya kurudi husema mengi kuhusu ubora wa idara kuliko idadi ya mipira iliyowekwa.

Rejista hiyohiyo humpotosha asiyeijua. Hesabu ya mistari ni hesabu ya upasuaji. Si hesabu ya wagonjwa, kwani mtu mmoja anaweza kuwa na mistari minne. Jina huandikwa kwa tahajia tatu tofauti, hivyo ulinganishe na namba ya faili, umri na wodi. Mara nyingi safu ya ugonjwa inasema "kufungua fuvu" bila sababu, au "uvimbe" bila kusema wa nini, nawe unalazimika kwenda kwenye kitabu cha maabara ya patholojia ukatafute tarehe inayofuata kwa siku chache. Tena rejista husimama mlangoni mwa thieta. Aliyefariki wodini siku ya nne hayumo kama marehemu. Vifo hutafutwa kwenye kitabu cha ripoti cha wauguzi, rejista ya wodi na rejista ya mochwari, na kabla ya kuhesabu lazima mwamue mnahesabu nini: vifo ndani ya siku 30, au vifo kabla ya kuruhusiwa. Hivyo viwili havilinganishwi. Hospitali inayowaruhusu wagonjwa mapema itaonekana ina vifo vichache kwa kipimo cha pili, ilhali wagonjwa wamekwenda kufia nyumbani.

Kuna mtego mwingine ambao tumeuona ukiwanasa hata wasomaji makini. Kabla ya CT, mashine ya eksirei inayoonyesha ubongo tabaka kwa tabaka, mgonjwa wa ajali aliyekuwa akizidi kupoteza fahamu, mboni moja ikitanuka, alitobolewa matundu ya kutafutia damu: kwanza pembeni upande wa mboni iliyotanuka, kisha mbele, kisha nyuma, na pengine upande wa pili. Mengi hayakukuta kitu. Mashine ya CT ilipofika, matundu hayo yalikoma na idadi ya upasuaji wa ajali ikaweza kushuka. Anayesoma jedwali bila kujua hili ataandika kwamba idara ilidorora katika mwaka ule ule ilipopiga hatua kubwa kuliko zote. Kinyume chake pia hutokea: idara ikipata mashine za kupumulia na gari la wagonjwa linalofika kwa wakati, majeruhi ambao zamani wangefia njiani sasa wanafika thieta, na asilimia ya vifo inapanda. Mwandishi wa historia asiyeweka tarehe za vifaa na usafiri kando ya takwimu zake atawalaumu waliostahili kusifiwa.

Maneno ya kitabibu nayo yamebadilika chini ya takwimu. Kipimo cha Glasgow cha kupima fahamu kilichapishwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Kabla yake chati husema "amezubaa", "nusu fahamu", "haitikii", na kila muuguzi alikuwa na maana yake. Hata baada yake kuna tahadhari: toleo la kwanza lilikuwa na ngazi 5 za mwitikio wa viungo, na ya 6 iliongezwa baadaye. Alama kamili ni 15 kwa kipimo cha sasa, lakini ilikuwa 14 kwa kile cha awali, kwa hiyo 14 kwenye chati ya zamani huenda ni mgonjwa mwenye fahamu timamu. Uvimbe ni hivyohivyo. Neno "meningioma", yaani uvimbe wa utando wa ubongo, lilipendekezwa na Cushing mwaka 1922. Mpangilio wake na Percival Bailey wa aina za glioma, uvimbe wa tishu ya ubongo wenyewe, ulitoka mwaka 1926. Shirika la Afya Duniani lilitoa mpangilio wake wa kwanza mwaka 1979 na kuanzia toleo la 2016 likaingiza vipimo vya vinasaba ndani ya jina la ugonjwa. Jina lililoandikwa mwaka 1955 haliwezi kutafsiriwa kwa kukisia. Linaweza kuhakikiwa tu kama kipande chenyewe cha uvimbe bado kipo.

Ndiyo maana tunaomba vitunzwe pia slaidi za hadubini na vipande vilivyogandishwa kwenye nta ya parafini. Nta haihitaji mengi: chumba baridi na kikavu, kabati lililofungwa panya na wadudu wasiingie, namba isiyofutika, na orodha. Joto huilainisha na vipande hushikamana, lebo zikabanduka. Ubongo mzima uliohifadhiwa kwenye formalini, maji ya dawa ya kuzuia kuoza, una shida zaidi. Formalini ya asilimia 10, yaani yenye formaldehidi ya takriban asilimia 4, huvukiza taratibu kupitia kifuniko kilicholegea. Kipande kikibaki nje ya maji hukauka na kuharibika. Vinasaba navyo hukatikakatika kadiri miaka inavyozidi ndani ya formalini, kwa hiyo mtungi hauwezi kuchukua nafasi ya kipande cha nta. Chumba cha mitungi kiwe na hewa inayozunguka, kwa sababu mvuke huo unadhuru macho na mapafu na unahusishwa na saratani.

Kwa anayedhani jambo hili ni la kupamba, kumbukumbu za Cushing ni mfano unaotosha. Alikusanya faili, picha na vipande vya wagonjwa wake kwa miongo mitatu, akiwafuatilia kwa barua baada ya kuruhusiwa, na mwanapatholojia Louise Eisenhardt akazitunza na kuzipanga. Alipostaafu hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, mkusanyiko ulihamia Chuo Kikuu cha Yale. Baada ya wao kuondoka, mitungi ya ubongo na maelfu ya hasi za picha za vioo viliishia ghala la chini ya bweni la wanafunzi wa tiba, ambako vilikaa kwa miongo. Wanafunzi ndio waliokuwa wakivizia kwenda kuvitazama. Vilisafishwa, vikapangwa upya na kufunguliwa kwa umma mwaka 2010. Huyo ni mpasuaji maarufu kuliko wote katika fani hii, katika chuo chenye fedha. Mkusanyiko wa idara isiyo na jina kubwa hauwezi kungojea bahati ya namna hiyo.

Picha za eksirei zina hatari ambazo msimamizi wa stoo lazima azijue. Filamu za mwanzo zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kinachowaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu. Tarehe 15 Mei 1929 filamu hizo zilishika moto katika Cleveland Clinic, Marekani, na watu 123 wakafa, wengi kwa kuvuta gesi. Filamu iliyokuja baadaye, ya asetati, hailipuki, lakini ikikaa kwenye joto na unyevu huoza na kutoa harufu ya siki. Mvuke wake wenye asidi huziozesha za jirani, hivyo zenye harufu zitengwe siku hiyohiyo na zihamishiwe mahali pa baridi. Filamu za poliesta zilizofuata zinadumu. Mkikuta filamu ya kale sana, ya njano, yenye kunata au inayobomoka kuwa unga, msiifungue wala kuisogeza. Waiteni wa zimamoto kwanza.

Hatusemi kila filamu itunzwe. Tunajua hospitali huziuza kwa wanaotoa madini ya fedha yaliyo ndani ya filamu, na nafasi ni haba. Ila kabla ya kuuza, chagueni mtu anayeelewa, naye atenge sampuli ya kila zama: picha za ubongo uliotiwa hewa, njia aliyoianzisha mpasuaji Walter Dandy mwaka 1918; picha za mishipa ya damu, ambazo daktari Mreno António Egas Moniz alianza mwaka 1927; picha za uti wa mgongo zenye dawa ya rangi; na picha za kwanza za CT. Mgonjwa wa kwanza wa CT alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, na kila picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu. Picha za zama hizo zinabaki kwenye filamu na karatasi. Kanda za sumaku zilizobeba data yake kwa sehemu kubwa hazina tena mashine ya kuzisoma.

Hilo la kanda ndilo linalorudiwa leo na mifumo ya kompyuta. Hospitali hubadili mtoa huduma wa mfumo wa picha, mkataba unakwisha, na miaka kumi ya picha za CT na za MRI (zinazopigwa kwa sumaku) inabaki ndani ya umbizo ambalo mtoa huduma mpya hawezi kulifungua. Dawa yake iko kwenye mkataba: andikeni kwamba data yote itatolewa kwa umbizo la DICOM, linalotumika kimataifa kwa picha za tiba, pamoja na taarifa zake, kisha mfungue sampuli kwenye mashine nyingine kabla ya kuzima ule wa zamani. Baada ya kuuzima mmechelewa.

Kunakili rejista hakuhitaji mitambo mikubwa. Kitabu kinene kisibanwe kwenye skana ya kioo, kwa sababu uti wake utavunjika na kurasa zitatoka. Kilazwe kwenye mito kikifunguka nusu, kipigwe picha kwa kamera iliyosimama juu yake, taa mbili za pembeni, bila mwanga wa kamera. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa wino. 400 kwa penseli iliyofifia. Nakala kuu iwe TIFF, umbizo la picha lisilopunguza ubora, na za kusomea ziwe nyepesi. Kurasa tupu zipigwe pia, na majalada yake. Jina la kila faili liwe na mwaka, namba ya kitabu na ukurasa, na mwishoni mwa kila kitabu mtu wa pili ahesabu kurasa na faili kama zinalingana, maana ukurasa ulioshikana na mwenzake ndio kosa la kila siku. Wekeni nakala tatu, kwenye aina mbili za vihifadhi, moja ikiwa jengo jingine. Ondoeni pini zenye kutu na mpira wa kufungia. Msitie selotepu wala plastiki ya moto. Kisha kitabu chenyewe kirudi kwenye sanduku lisilo na asidi. Kutupa kitabu kwa sababu kimenakiliwa ni kosa, kwani rangi ya wino na maandishi yaliyofutwa huonekana vizuri zaidi kwenye karatasi.

Majina ya wagonjwa yabaki siri. Jedwali la kufanyia utafiti litumie namba, na ufunguo wa namba na majina ukae kwingine, kwa mtu mmoja anayejulikana kwa maandishi. Picha za nyuso za wagonjwa zisitumike kwenye maonyesho bila ridhaa, hata kama ni za zamani sana na wengine wamezoea kuzionyesha darasani.

Vyombo vya zamani navyo vina thamani, na vina sharti la usalama ambalo husahaulika. Keekee ya Hudson ya kutobolea fuvu, msumeno wa waya wa Gigli, vibanio vya madini ya fedha vya kubania mishipa ya damu alivyovieleza Cushing mwaka 1911, mashine ya umeme ya kukatia na kuzuia damu, ambayo Cushing aliitumia mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1926 akiwa na mwanafizikia William Bovie: vyote hivyo viliwahi kugusa ubongo wa watu. Kisababishi cha Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo unaoua, hakifi kwa mvuke wa kawaida wa kusafishia vyombo. Mwaka 1977 iliripotiwa kwamba elektrodi, vyuma vya kupimia umeme wa ubongo, zilizotumika kwa mgonjwa mmoja wa ugonjwa huo ziliwaambukiza wagonjwa wengine wawili ingawa zilikuwa zimesafishwa. Kwa hiyo chombo cha makumbusho kikae nyuma ya kioo kilichofungwa, kisipitishwe mkononi kwa wanafunzi, na kisirudi thieta hata siku moja. Msikisugue hadi king'ae, kwa sababu namba na jina la fundi vitafutika. Andikeni kilitumika lini na kwa kazi gani.

Kuhusu watu, tunaomba msiishie kwa wapasuaji. Vali ya Holter ya kichwa maji ilitengenezwa mwaka 1956 na fundi, John Holter, ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa huo. Chati ya nusu kaputi ilianza miaka ya 1890 katika hospitali ya Massachusetts General, pale Cushing na Ernest Amory Codman, wakiwa bado wanafunzi, walipoamua kuandika mapigo na pumzi za mgonjwa kila baada ya dakika chache. Dandy alitenga vitanda vitatu vya wagonjwa waliotoka thieta mwaka 1923 katika hospitali ya Johns Hopkins, na uangalizi wake uliwategemea wauguzi. Katika idara yoyote wapo daktari wa usingizi aliyekataa kuanza bila damu ya akiba, muuguzi wa vifaa aliyeijua trei nzima kwa kichwa, fundi aliyeitengeneza mashine ya kunyonya usiku, na mhudumu wa mochwari aliyejua nani alifanyiwa uchunguzi wa maiti. Wahojini wakiwa hai. Mahojiano ya saa moja na nusu yanatosha kwa kikao kimoja. Wekeni rejista ya zamani mbele yao, na muulize hatua za kazi: mgonjwa alilazwaje, damu ilizuiwa kwa kutumia nini, usiku nani alipima mboni na kila baada ya muda gani. Maswali ya namna hiyo huleta majibu yenye uzito kuliko "unakumbuka nini". Rekodini sauti kwa umbizo la WAV, na mpate ridhaa ya maandishi inayosema itatumikaje.

Kuna sura ambayo idara nyingi hupenda kuiruka. Moniz na Almeida Lima walianza kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa wagonjwa wa akili mwaka 1935 mjini Lisbon. Walter Freeman na James Watts walifuata mwaka 1936 mjini Washington. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Na kwa miongo miwili hivi upasuaji huo ulienea, hadi dawa za miaka ya 1950 zilipopunguza matumizi yake. Wengi wa waliofanyiwa hawakuombwa ridhaa kwa maana tunayoijua leo. Kama idara yenu iliufanya, rejista inasema. Historia inayotaja CT ya kwanza na kuuacha huo haistahili kufundishwa kwa wanafunzi wa ubingwa, kwa sababu wao ndio watakaokutana na tiba mpya zinazosifiwa kabla ya kupimwa.

Vivyo hivyo mihutasari ya vikao vya kujadili vifo. Tunaelewa hofu ya kesi. Funguo zake zinaweza kushikwa na mkuu wa idara kwa muda uliowekwa na sheria, kisha mihutasari ifunguliwe. Kinachotuumiza ni kuiona imechanwa, kwa kuwa humo ndimo pekee mlimoandikwa kwa nini mambo yalibadilishwa: kwa nini damu ikaanza kuhifadhiwa kabla ya kufungua fuvu, kwa nini mgonjwa hapelekwi wodini bila bomba la hewa kuhakikiwa, kwa nini hesabu ya pamba hufanywa mara mbili kabla ya kufunga.

Gharama ya haya yote ni mshahara wa mtunza nyaraka mmoja, kamera, masanduku, rafu za chuma zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, chumba kisicho na bomba la maji darini, na nusu siku kwa wiki ya daktari bingwa mmoja wa kusoma maneno ambayo mtunza nyaraka hayajui. Kazi ianze na rejista za thieta, kisha vitabu vya patholojia, kisha ripoti za wauguzi, na mahojiano ya wazee yafanyike sambamba tangu wiki ya kwanza, kwa sababu hao hawangojei zamu. Na kuanzia leo, kibali chochote cha kuteketeza nyaraka za idara hii kisisainiwe bila orodha iliyoambatishwa, kitabu kwa kitabu, ikiwa na saini ya mkuu wa idara kwamba ameviona kwa macho yake.

Wenu katika kazi,

Wapasuaji wa ubongo, madaktari wa usingizi, wauguzi wa thieta, wanapatholojia na watunza nyaraka wa hospitali za kufundishia